Mashine Isiyonguruma

Jumatatu, 3 Machi
Gazeti limefungwa, hasira zangu hazijafungwa. Basi nitazimwaga humu.

Nilikuwa na safu ya kila wiki ambayo watu waliisoma ili wapate cha kunitukania, na mimi niliiandika ili nipate wa kugombana naye. Sasa nina karakana ya marehemu baba, tupa ya kunolea visu, na kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Ngurumo kwa sababu mashine zake za kukatia nyasi husikika kabla yeye hajaonekana. Tuna mashine mbili za kusukuma na moja ya kufyekea, ile ya kuvaa begani. Zote za petroli. Zote zimezeeka kuliko ndoa yake.

Mvua ya kwanza imepiga bati tangu alfajiri. Kazi imeanza.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita nyumbani kwa kaka asubuhi nimkumbushe oili. Kulikuwa na baridi ile ya mvua inayoingia hadi kwenye mifupa. Nikamkuta amesimama katikati ya sebule kama mtoto wa chekechea, kidevu juu, na wifi yangu anamfunga vifungo vya shati.

"Ameota kuwa bwana harusi," wifi akasema, akicheka.

Kaka hakucheka. Nikamtazama mikono. Ncha za vidole zilikuwa zimepauka kama zimechovywa kwenye majivu.

"Kaka, vidole vimekuwaje?"

"Baridi tu. Jua likitoka vinarudi."

"Vinarudi kutoka wapi?"

"Mhariri, usianze asubuhi yote hii."

Ndivyo anavyoniita tangu nipate kazi ya gazeti, na hajaacha hata baada ya gazeti kufa. Wifi amemaliza kifungo cha mwisho, akampiga kifuani kidogo kama anayefunga mlango. Anacheka mno, huyu wifi yangu. Siku zote nimemwona mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Plagi imelowa. Kaka ameitukana mpaka ikawaka.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi yetu kubwa ni hospitali. Uwanja wake wa nyasi umezunguka wodi ya wazazi, na madirisha ya wodi yako kimo cha kiuno. Kwa hiyo mtu akiwasha mashine pale, ni sawa na kuiwasha kitandani kwa mzazi.

Leo Matroni ametoka mwenyewe, viatu vyeupe ndani ya matope, amekasirika hadi miwani inapanda na kushuka.

"Baba, hicho kitu chako kimeamsha wodi nzima. Nina watoto waliozaliwa kabla ya wakati humo ndani. Kulala ndiyo kazi yao, hawana nyingine."

"Nyasi nazo zinataka kukatwa, Matroni," kaka akapaza sauti, maana hajui tena kusema polepole.

"Zikateni kwa mashine za umeme. Kuna wenzenu wanazo, wameshakuja kuniomba kazi. Mwezi ukiisha mkiwa bado na hiyo radi, nitawaita wao."

Nilimpenda papo hapo. Kaka amenuna njia nzima.

Jumanne, 11 Machi
Tumegombana karakanani kuanzia chai ya asubuhi hadi chai ya jioni, na katikati tumenoa visu viwili na kusafisha kabureta moja.

Mimi nilisema hivi, na ningelisema gazetini kama lingekuwepo: mashine ya petroli ni dhulma yenye mpini. Inakunywa, inatema moshi usoni mwa anayeilisha, inadai plagi, inadai chujio, inadai oili ichanganywe kwa kipimo kama dawa ya mgonjwa mahututi, na ukiisahau na petroli tumboni msimu wa kiangazi, inagoma mvua ikirudi. Juu ya yote inamtetemesha mtu mikono mpaka mishipa inakata tamaa. Halafu mtu huyo huyo anaisifu kuwa ina nguvu!

Kaka akasubiri nimalize, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Umemaliza hotuba? Sasa sikiliza. Mashine ya petroli ikiugua inakuambia. Inakohoa, inapiga kelele, inatoa moshi mweusi, unajua kabisa leo ni chujio, leo ni plagi. Hiyo ya umeme ikiugua inakufa tu kimya, kama mtu mwenye siri. Na ikiwa nzima pia imenyamaza. Mimi nitajuaje?"

"Utajuaje nini?"

"Baba alitufundishaje?"

Najua baba alitufundishaje. Kanuni ya karakana hii ilikuwa moja, na alitupiga nayo makofi kabla hatujafika kimo cha meza: mkono hauendi kwenye kisu mpaka sikio likuambie injini imezima. Ikinyamaza, ingiza mkono. Ikinguruma, kaa mbali. Kwa kanuni hiyo baba alizikwa na vidole vyake vyote.

"Baba alikufa kabla ya betri hizi," nikamwambia.

"Ndiyo maana alikufa na amani."

Ijumaa, 14 Machi
Wifi amemburuta kwa daktari. Majibu: mishipa ya vidole imeharibiwa na mtetemo, baridi inaizidisha, vidonge vya kuirudisha havipo. Kilichokwisha kufa kimekufa. Kilichobaki kitabaki iwapo ataacha mashine zinazotetemeka. Akiendelea, kuna siku hatashika kijiko.

"Mtetemo huo ndio uliokusomesha wewe," kaka ameniambia. Ni kweli. Alianza kusukuma mashine ili mimi niende kusoma. Kwa hiyo nifanye nini? Nimwangalie akilipa mpaka kidole cha mwisho kisha nimshukuru?

Nimetoka nje nikaupiga teke mkebe wa oili. Umeniumiza.

Jumatano, 19 Machi
Dukani. Muuzaji ananukia kiasi kwamba harufu yake ilifika kaunta kabla yake. Nimemwita Manukato, na sitajisumbua kutafuta jina lake jingine.

"Mama, hizi hazihitaji matunzo kabisa. Unachaji, unakata, unalala."

"Kisu chake ni cha nini, cha mbao?"

"Chuma safi, mama."

"Chuma hakinolewi?"

"Kinanolewa, ndiyo, lakini—"

"Kwa hiyo kina matunzo. Betri ikilowa?"

"Isilowe."

"Tuko katikati ya masika, kijana wangu."

"Mama unasoma sana," akacheka, akanikabidhi kijitabu cha maelekezo katika lugha sita, yetu haimo. "Hakikisha tu wanaoitumia wanaona jinsi ilivyo tulivu. Hata mtoto anaweza."

Nimechukua moja ya kusukuma na moja ya kufyekea. Ndiyo, baada ya kumsuta nimenunua. Ningenunua hata kwa shetani, ili mradi zisitetemeke.

Jumamosi, 22 Machi
Kaka ameigusa betri kwa kidole kimoja kama anayeonja uji wa mtu mwingine. "Hii ndiyo injini?" Ndiyo. "Maskini."

Jumatatu, 31 Machi
Siku ya kwanza na mashine mpya hospitalini. Nimekwenda makusudi nishuhudie ushindi wangu.

Na ulikuwa ushindi! Mashine ilipita chini ya madirisha ikivuma kama feni. Mama mmoja alikuwa ameegemea dirishani na mtoto begani. Mtoto amelala, mdomo wazi. Matroni amepunga mkono. Kaka ndiye pekee aliyekuwa na sura ya msiba. Kila baada ya mistari michache aliinama, akatega sikio, kama anayemwamkia mgonjwa asiyeitikia.

Kwenye mpini kuna kibano cha kushikilia muda wote. Ukikiachia, mashine inazima. Vidole vya kaka havikishiki tena. Kwenye mashine za petroli tumekuwa tukikifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, miaka nenda miaka rudi, kila mtu wa kazi hii anafanya hivyo. Nimeona ameufunga mpira ule ule kwenye hii ya umeme. Nimeuona kwa macho yangu, nikaendelea kufurahia ushindi.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimemkuta anaiosha mashine ya umeme kwa mpira wa bomba, maji yanaruka hadi kwenye tundu la betri. Nimepiga kelele hadi fundi viatu wa jirani amekuja kutazama nani amekufa.

"Mashine chafu haifanyi kazi," kaka akasema. "Ndivyo tunavyozitunza."

"Ndivyo tunavyozitunza zile! Hii inafutwa, inapigwa brashi, basi!"

"Manukato wako alisema haihitaji matunzo. Sasa ina masharti kuliko mganga."

Fundi viatu alicheka sana. Nilitamani kumrushia brashi.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua tangu jana. Chaja ilikuwa sakafuni karibu na mlango, maji yameingia chini ya mlango. Nimeihamishia rafuni juu. Kaka anasema petroli haiogopi maji ya mlangoni. Nimemwambia petroli inaogopa kiberiti.

Jumatatu, 14 Aprili
Kisu butu kinamaliza betri kabla ya nusu ya uwanja. Nimekinoa. Ukingo mmoja ulikuwa umeliwa na mawe. Mashine isiyohitaji matunzo! Nikimwona Manukato nitamnoa yeye.

Lakini jambo moja niliweke wazi, hata kwa hasira: vidole vya kaka vimepata rangi. Wifi ameniambia jana, kwa sauti ya chini kama anayeogopa kuvishtua. Jumapili amefunga kifungo kimoja mwenyewe.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua. Nyasi zimefika magotini. Matroni anataka uwanja uwe safi Jumanne, wanakuja wakaguzi.

Jumanne, 22 Aprili
Nitaandika kama ilivyokuwa, na anayetaka nipunguze ukali asisome.

Mvua ilikatika asubuhi. Nyasi zilikuwa zimelowa, nzito, ndefu. Nyasi za aina hiyo hazikatwi, zinasubiriwa. Lakini wakaguzi hawasubiri. Nilikuwa upande wa lango nakusanya zilizokwisha kukatwa. Kaka alikuwa chini ya madirisha ya wodi.

Mashine ikasongwa. Nilisikia mvumo wake ukikatika, nikajua amesimama kuisafisha, kama alivyosimama mara elfu. Akailaza ubavu. Akatega sikio. Kimya. Kwa kanuni ya baba, kimya ni ruhusa. Akaingiza mkono, akashika bonge la nyasi, akavuta.

Mashine ya petroli ikisongwa, injini inakufa na haifufuki mpaka uvute kamba. Hii haikuwa imekufa. Ilikuwa imekabwa koo. Betri ilikuwa ndani, mpira wa tyubu umekishikilia kibano, na ilichokuwa ikisubiri ni nyasi ziachie tu. Zilipoachia, kisu kikaendelea na kazi yake.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonitoa machozi ya hasira hata sasa. Aliyepiga kelele ni mama mmoja dirishani. Nilipofika mbio, kaka alikuwa amechuchumaa anauangalia mkono wake kama kitu alichookota.

"Sikuhisi kitu," akaniambia. "Niliona nyasi zimekuwa nyekundu ndipo nikajua."

Ncha ya kidole cha kati na ncha ya kidole cha pete, mkono wa kulia. Matroni aliruka kibaraza kama msichana, akaubana mkono wa kaka kwa shuka, akamkokota ndani huku akiuliza maswali kwa hasira.

"Nani amefunga huu mpira hapa kwenye mpini?"

"Sisi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Vidole vyake havishiki."

"Havishiki tangu lini?"

Jibu lilikuwa limening'inia ukutani karakanani, lina harufu ya petroli, na tulikuwa tukilipaka mafuta kila jioni.

Kwa hiyo nani mkosaji? Mashine ya kimya imekata ncha mbili. Mashine ya kelele ilikuwa imeua vidole vyote kumi kwanza, taratibu, kwa miaka, ili siku hii ikifika mtu asiweze hata kuurudisha mkono kwa maumivu. Maumivu yangemwokolea kidole kimoja, daktari amesema hivyo hivyo. Na katikati kuna mimi, niliyemwondolea kelele, kitu pekee alichokiamini, nikampa kimya bila kumfundisha kimya hicho kinasema nini.

Jumatano, 23 Aprili
Mvua. Sijafungua karakana.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimekwenda kwa Manukato na mashine mkokotenini, nyasi kavu bado zimeganda na damu. Nikaiweka juu ya kaunta yake, kati ya wateja.

"Mama, hayo ni matumizi mabaya," akasema. "Kitabuni imeandikwa wazi: toa betri kabla ya kusafisha."

"Kwa lugha gani?"

Akaanza kupanga kalamu zake upya kwenye kaunta.

"Nakuuliza, kwa lugha gani? Uliniambia hata mtoto anaweza. Uliniambia haihitaji matunzo. Kutoa betri ni matunzo! Ndiyo matunzo ya kwanza kabisa! Neno moja, maneno mawili, 'toa betri', yangekuchubua ulimi?"

Mteja mmoja akaweka chini boksi alilokuwa ameshika, akatoka. Wa pili akamfuata. Manukato ameniomba tuongee ofisini. Nimekataa, nikairudisha mashine mkokotenini. Nimekaa juu ya ngazi ya duka lake hadi walipofunga, na kila aliyeingia nimemwambia: ukinunua, toa betri kwanza. Sikuwa na gazeti, lakini nilikuwa na mdomo.

Jumatatu, 28 Aprili
Kaka amerudi nyumbani. Mkono umefungwa kama ngumi ya bondia. Nimemsalimia, akaitazama dari.

"Umeshinda, Mhariri. Hospitali kumetulia sasa."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kwa upole. Nilimwambia kwamba kama angenisikiliza miaka kumi iliyopita angekuwa na vidole vya kunihisi. Akasema kama ningenyamaza miezi miwili angekuwa na vidole vya kunipiga kofi. Tuliendelea hivyo mpaka mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Wifi hakuwa anacheka.

"Tokeni," akasema. "Hapana, mume wangu kaa, wewe huwezi kusimama vizuri. Wifi, toka wewe." Kisha akabadili mawazo: "La, kaa na wewe, usikie. Nyinyi watoto wa mzee mmoja mmejaa kelele. Mmoja ya mashine, mmoja ya mdomo. Huyu anapenda petroli, yule anapenda betri, mnapigania kama mnapigania mchumba. Nani amewahi kuniuliza mimi? Mimi ndiye ninayefunga vifungo! Mimi ndiye ninayemkatia kucha, ninayemfungulia kopo la dawa ya meno, ninayecheka ili asilie! Kuanzia leo kuna vifungo vingi zaidi vya kufunga, na nyinyi bado mnatafuta mshindi."

Akachukua mkasi kabatini akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Ameingia karakanani kwa ufunguo wangu, akaenda mashine moja hadi nyingine, za petroli na za umeme, akakata kila kipande cha mpira wa tyubu. Vilianguka sakafuni kama mikia ya mijusi. Mimi nilitoka mlangoni nikaviokota kimoja kimoja. Nilimwita mwepesi, huyu!

Jumanne, 6 Mei
Matroni ametuachia kazi, kwa sharti asione mpira kwenye mpini. Nimekata uwanja mwenyewe. Kibano kinachosha mkono, sasa najua. Kila mashine iliposimama nilitoa betri nikaitia mfukoni mwa aproni, nzito kama tofali, ndipo nikaingiza mkono. Mfagizi wa hospitali akaniuliza kama ninaogopa itaibiwa.

"Naogopa itaniibia," nikamjibu.

Alhamisi, 15 Mei
Manyunyu. Nimebandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa kama kiganja: BETRI MFUKONI. Kaka amekuja mara ya kwanza, ameisoma, amekaa kwenye kigoda.

Jumamosi, 24 Mei
Mvua zimekwisha. Leo tumezilaza mashine za petroli.

Niliwaambia wote wawili kwamba nataka ziuzwe kama vyuma chakavu. Kaka akasema zitauzwa, lakini hatamuuzia mtu mashine yenye petroli tumboni, hata kama ni ya kupondwa. Wifi akasema mwacheni azizike anavyojua. Basi tukafungua karakana, tukatoa ile ya begani, tukaifunga kwenye meza ili isimtetemeshe mtu. Tulimwaga petroli ya tangini. Iliyobaki kwenye kabureta ni lazima iungue. Kaka alinielekeza, mimi nikavuta kamba.

Ilinguruma. Mbwa wa mtaa mzima walibweka. Fundi viatu akaziba masikio. Kaka alisimama amefumba macho, mkono wa bandeji kifuani, na nilimwona akiifuata sauti ile: hapa inakohoa, hapa inatafuta, hapa imekosa. Ikapiga mara moja, ikapiga tena, ikazima.

Kimya kikaingia karakanani.

Mimi nilikuwa na kitambaa cha mafuta. Nikanyoosha mkono kukifuta kisu, kama tulivyofanya tangu utoto, maana sikio lilikuwa limeniambia imezima.

Kaka akanidaka kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu, kwa mkono wa kushoto, ule ambao bado una vidole vyote.

"Toa plagi kwanza," akasema.

"Kaka, imezima. Nimesikia."

"Hata mimi nilisikia."

Nikachukua spana nikatoa plagi. Nikaiweka mfukoni mwa aproni, palipokaa betri. Hakuniachia mpaka alipoiona imeingia.

Niliona vidole vyake vimenibana hadi ngozi yangu imeingia ndani, kama mtu asiyejua ameshika kwa nguvu kiasi gani.

"Unanihisi?" nikamwuliza.

Akautazama mkono wake, akautazama wangu.

"Nakuona," akasema. "Futa kisu."

Nikakifuta.